Jani la Isale kwenye Picha ya Jumamosi

Jumamosi alasiri, baada ya soko, Penina aliingia kwenye jumba la sinema, akasukuma kapu lake la ndizi chini ya benchi la mbele, akaketi. Mabenchi ya mbele ndiyo waliyopewa Waafrika, karibu na kitambaa cha picha mpaka shingo inauma. Kando yake alikaa Sophia, jirani yake wa Kijenge, aliyewahi kuwa yaya kwa Wazungu. Alijua Kiingereza cha kutosha kutafsiri maneno ya steringi, na kuyaongezea chumvi alipoona yamepooza.

"Mama Anande, leo utalia," alisema Sophia, ambaye picha hii alikwisha kuiona mara nyingi.

Penina alikuwa tayari kulia. Alipenda picha za mapenzi kuliko alivyotaka wenzake wa kanisani wajue. Steringi, Mzungu mwenye kofia pana, alikuwa akitafuta na mchumba wake mahali pa kuanzia maisha. Walipanda mlima, wakatokea kwenye bonde, naye akanyoosha mkono na kusema neno.

"Anasema pori hili ni zuri, na halina mwenyewe," alitafsiri Sophia.

Nyuma ya steringi kulikuwa na uzio wa masale, ile mimea ya majani marefu. Penina aliujua. Ulipandwa na baba mkwe wake kuwa mpaka wa shamba, na lile pengo la kushoto lilifanywa na mbuzi wa Penina mwenyewe. Nyuma ya uzio ilikuwepo migomba, na nyuma ya migomba nyumba yake, mlango wazi. Nyumba hiyo ilichomwa na askari miaka mitatu nyuma, siku Wameru walipohamishwa ili shamba apewe Mzungu. Siku ile walikuwepo watu wenye mashine ya kupigia picha, lakini nani angepata nafasi ya kuwauliza wanatafuta nini.

"Sasa washenzi watamfungia mchumba mle ndani na kuichoma," Sophia alinong'ona. "Steringi atamwokoa. Tamu kweli!"

Penina alichanganyikiwa. Pamoja na hayo yote, bado alitaka steringi amwoe yule binti.

Steringi alichuma jani la isale, akalipiga fundo, pengine kwa kuona linapendeza hivyo. Kwa Wameru, jani hilo hupelekwa na mkosaji anayeomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Akilipokea, neno limekwisha. Kwa hiyo steringi hakumpa mchumba wake. Alishuka kutoka kwenye kitambaa, akasimama mbele ya Penina na kumnyooshea. Yeye mwenyewe alikuwa bado mweusi na mweupe, ila jani lilikuwa kijani.

"Kaa chini! Unatuziba!" watu walipiga kelele.

Kwenye kitambaa mchumba alisubiri, kidevu juu. Moto haukuweza kuanza kabla jani halijatolewa, hivyo nyumba iliendelea kusimama. Penina aliona kigoda chake mlangoni. Akakitazama.

"Muulize anaomba msamaha wa nini," alisema.

Sophia aliuliza. Steringi akajibu kwa heshima.

"Anasema pori hili ni zuri, na halina mwenyewe. Nadhani hakuandikiwa neno jingine."

Jabiri, mwonyesha picha, alishuka kutoka kwenye mashine yake akifuta jasho. "Shikamoo, mama. Pokea basi. Watu wametoa hela zao, na taa itaniunguzia filamu."

"Nikipokea, shamba limekwenda," alisema Penina. Mumewe Ephraimu na wazee wenzake walikuwa bado wanalidai barazani.

"Na usipopokea hatutajua kama wataoana!" alisema mtu wa nyuma. Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilimsumbua Penina kuliko alivyopenda.

Sophia hakuumbiwa subira. Alilinyakua jani. "Haya, bwana, asante. Rudi kazini."

Steringi alivua kofia, akainama, akapanda kwenye kitambaa. Washenzi wakaja. Paa la Penina lilianguka kuanzia upande wa kushoto, kama siku ile. Kisha wapenzi wakabusiana na Penina akalia, asijue analilia kipi, na kutojua huko kulimuudhi.

Nyumbani Ephraimu alisikiliza huku akila.

"Nani alipokea?"

"Sophia."

"Sophia alikuwa na shamba kule?"

"Hakuwa nalo."

"Basi huyo Mzungu hajasamehewa," alisema Ephraimu, akaomba aongezewe mchuzi.

Jumamosi iliyofuata walirudi. Steringi alikuwa amenenepa kidogo, na alionekana mtu aliyelala vizuri. Alisema pori halina mwenyewe bila wasiwasi wowote. Hakuwa tena na jani, akamnyooshea mchumba mkono mtupu, naye mchumba akafurahi vilevile.

"Ametulia siku hizi," alisema Sophia. "Umeona?"

Penina alikuwa ameona. Aliangalia kigoda chake pale mlangoni, haraka haraka, kabla washenzi hawajafika.