Utepe Uliohama

Bi Futi hakuwa mtu wa kukubali kwamba amekosea kupima. Angekubali kwamba chakula chake kimeungua, kwamba ametoka nyumbani na blauzi imegeuzwa ndani nje, hata kwamba mumewe alikuwa na haki katika ugomvi wa Jumapili. Lakini kupima, hapana. Jina lenyewe la utani alilipata kwa futi ya chuma iliyoning'inia kiunoni mwake kutwa nzima, na waliompa jina hilo walikuwa tayari kuapa kwamba hulala nayo.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, alipokuta mlango umesogea, alifungua futi yake papo hapo.

Mlango wenyewe ulikuwa utepe mweupe tu, umebandikwa kwenye sakafu nyeusi ya ukumbi wa mazoezi. Ndivyo kazi ya kubuni jukwaa inavyoanza. Kabla mbao haijakatwa, nyumba nzima ya mchezo huchorwa sakafuni kwa utepe: ukuta hapa, ngazi pale, mlango kule, na waigizaji hujifunza kuishi humo wakikwepa kuta ambazo hazipo. Kundi hili lilikuwa na mazoea yake mengine juu ya hayo. Fundi seremala wao hakuwa na habari na michoro. Alipiga magoti, akapima utepe, akaenda kukata mbao. Utepe uliposema mita tatu, jukwaa likawa na mita tatu, na mchoro wa Bi Futi ukabaki ukutani kama pambo.

Alipima mara mbili, akapima mara ya tatu. Mlango ulikuwa umekisogelea kiti cha babu wa kwenye mchezo kwa sentimita ishirini na tano. Akaubandua utepe, akaurudisha mahali pake bila kumwambia mtu. Jumanne akaukuta umehama tena, kiasi kilekile. Jumatano vilevile. Sakafu haina miguu, alijiambia, na utepe haubanduki wenyewe ukaenda kujibandika pembeni umenyooka hivyo. Kulikuwa na mkono wa mtu.

Na mkono huo ulikuwa unamtafuta yeye. Mwaka uliopita, katika mchezo mwingine, baba yake mdogo, mwigizaji mkongwe kuliko wote kundini, alikanyaga ngazi aliyoibuni Bi Futi akaanguka mbele ya ukumbi uliojaa watu. Mguu ulikaa kwenye plasta miezi miwili. Akiwa hospitalini, baba mdogo alisema ngazi ilikuwa fupi. Bi Futi aliipima ngazi ile akaikuta sawasawa, lakini nani angeiamini ngazi amwache mzee mwenye plasta? Tangu hapo watu wa maonyesho, waliozoea kumwita awapangie kumbi zao, waliacha kupiga simu. Chumba cha kusomea cha kituo cha jamii, alichokuwa ameshakichora hadi rafu za watoto, akapewa mtu mwingine. Kazi hii aliipata kwa sababu baba mdogo huyohuyo, ambaye safari hii ndiye anayeigiza babu, alikwenda kumwombea kwa mwongozaji. Ikiharibika hii, ilikuwa basi.

Alianza kuwaangalia watu kwa jicho la pembeni. Mshonaji wa mavazi alicheka sana siku hizo, akajiuliza anacheka nini. Mtu wa taa alimsalimia mara mbili asubuhi moja, na hilo nalo likamtia wasiwasi. Lakini zaidi ya wote alimshuku fundi. Fundi alikuwa na ufunguo. Fundi alifika mapema. Fundi ana shemeji yake anayebuni kumbi za maonyesho na ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, "hana kazi kwa sasa." Tena wiki ya kwanza walikoromeana kuhusu mlango huohuo, yeye akisema umekaa mbali, Bi Futi akimwambia ashike msumeno wake.

Alimweleza baba mdogo wasiwasi wake wakati wa mapumziko ya chai, kwa sababu ndiye mtu pekee humo ambaye yeye Bi Futi hakumshuku. Mzee huyu ndiye aliyemleta ukumbini akiwa na miaka sita, akamkalisha kwenye kreti nyuma ya pazia, akamwonyesha jinsi kitambaa kilichopakwa rangi kinavyogeuka kuwa mlima. Baba mdogo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akakoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Huyo fundi mwangalie vizuri," alisema. "Mimi simo, lakini mwangalie."

Alhamisi mambo yakaiva. Fundi alileta fremu ya mlango na vipande vya ukuta, alivyovipimia utepe asubuhi mapema kabla Bi Futi hajaurudisha; vikalinganishwa na mchoro, havikukubaliana. Mbao nzuri zilikuwa zimeshakatwa. Mwongozaji hakupandisha sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia Bi Futi kwamba kesho asubuhi atapima sakafu yeye mwenyewe, mchoro mkononi, mbele ya kundi zima. Isipolingana, atamtafuta mbunifu mwingine, na maneno ya mwaka jana hatayaweka kando tena. Fundi alikuwa amesimama pembeni akijifuta vumbi la mbao, na Bi Futi angeapa kwamba alimwona anatabasamu.

Watu walipotawanyika jioni, aliurudisha utepe wa mlango. Kisha akatoa mkobani unga wa buluu, ule unaopakwa kwenye uzi wa kupigia mstari, akaunyunyiza juu ya utepe mpya na kandokando yake, kidogo kidogo, akaupuliza mpaka hauonekani ila kwa anayeutafuta. Unga ule ukishakushika vidole hautoki kwa kujifuta. Alirudi nyumbani akiwa na raha ya kisirani, na mumewe alipomuuliza anachekelea nini akamwambia ale chakula chake.

Ijumaa alifika kabla ya wengi. Mlango ulikuwa umehama.

Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya useremala, akamsalimia fundi kwa adabu isiyo ya kawaida, akamwomba amwonyeshe mikono. Fundi alishangaa, akainyoosha yote miwili. Ilikuwa na gundi kavu na kovu la patasi. Buluu hakuna. Bi Futi aliitazama juu na chini, na, aibu iliyoje, akasikitika kwamba ni safi.

Ndipo baba mdogo alipotokea nyuma ya mapazia na kikombe chake, akinong'ona maneno ya mchezo kama alivyozoea kufanya kila asubuhi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Kifuani, pale anapopenda kujipapasa akitafuta neno lililompotea, palikuwa na alama za vidole vya buluu, tano juu na tano chini. Kola imepakaa. Hata kikombe kilikuwa na buluu. Alimpita Bi Futi umbali wa hatua mbili tu bila kumwona, mpaka alipomsikia akikohoa.

Hasira aliyoiandaa Bi Futi kwa ajili ya mtu mwingine ilikosa pa kwenda. Mtu mwenye macho angeshaliona shati lile, akalivua, akalificha. Alimshika mzee mkono, akamvuta pembeni, akamuuliza kwa upole kama kuna jambo angependa kumwambia kabla mwongozaji hajafika.

"Jambo gani?" baba mdogo alisema. "Wewe mwangalie yule fundi."

Watu wakaingia, mwongozaji akiwa wa mwisho. Alipima kimya, akaangalia mchoro, akapima tena.

"Sentimita ishirini na tano," alisema. "Nani ananieleza?"

Bi Futi alikuwa bado anatafuta pa kuanzia wakati baba mdogo aliposogea mbele na kukunjua mikono.

"Mwanangu amekosea," alisema, kwa ile sauti iliyowahi kuliza kumbi nzima. "Mimi ndiye niliyemleta, na mimi ndiye ninayemwombea tena. Msameheni, ana familia."

Lau angenyamaza, huenda naye Bi Futi angenyamaza. Lakini mwaka mzima alikuwa amebeba lawama ambayo mtu huyu aliiweka mabegani mwake kwa upole, na sasa anamwongezea nyingine kwa upole uleule.

"Baba mdogo," aliuliza, "shati lako lina rangi gani?"

"Jeupe," mzee alijibu, akacheka kidogo. "Nimelipiga pasi mwenyewe."

Hakuna aliyecheka naye. Mshonaji wa mavazi alijiziba mdomo. Baba mdogo aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta angalau pumzi ya mtu.

"Kwani nimesema nini?"

Fundi ndiye aliyekwenda. Alimshika mzee kiwiko, akamwambia taratibu kwamba shati lina buluu, kifua kizima, na mikono pia. Baba mdogo alisugua vidole vyake, akavinusa. Aliposema tena, sauti ya jukwaani ilikuwa imemtoka.

"Kutoka kitini hadi mlangoni nina hatua kumi na moja. Yeye alichora kumi na moja na nusu. Ile nusu ndiyo inayonigonganisha na ukuta. Na ngazi ya mwaka jana ilikuwa sawa. Sikuiona."

Maneno hayo Bi Futi alikuwa ameyangoja mwaka mzima, yasemwe hivyohivyo, mbele za watu. Sasa yamesemwa, na hakuweza kuinua uso wake. Mwongozaji alikunja mchoro. Alimuuliza Bi Futi, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha, ni nani kundini anayeweza kuishika nafasi ya babu kwa wiki tatu zilizobaki. Bi Futi aliwajua wote, urefu wao na mapana ya mabega yao. Akamtaja mmoja.

Baba mdogo aligeukia upande ilikotoka sauti ya Bi Futi.

"Huyo ana miguu mirefu," alisema. "Urudishe mlango pale ulipouchora."