Bisibisi ya Mikdad

Gari la Mikdad, Pijo kuukuu, lilikuwa na umri mkubwa kuliko mkewe, na kwa jinsi alivyolienzi, watu wa Kiwangwa wangedhani ndilo alilolitolea mahari. Hendibreki ilikufa zamani, kwa hiyo kila likiegeshwa lilitiwa gia ya kwanza na kutegwa jiwe nyuma ya gurudumu. Tangu Idi, hata ufunguo uligoma. Ukiuzungusha, taa za dashibodi zinawaka, stata kimya kama maiti. Mikdad akajipatia njia ya mkato: anafungua boneti, anagusisha bisibisi kwenye nati mbili za stata, cheche zinaruka, injini inazunguka. Shufaa, mkewe, alichoka kumwambia aende Msata kwa fundi umeme. Jibu lilikuwa lile lile, fundi wa nini na gari linawaka.

Alhamisi asubuhi Shufaa alitandika jamvi mbele ya gari, penye jua, akaanika makopa ya muhogo. Binti yao Sada, wa miaka minne, akakaa hapo kufukuza kuku. Mikdad akatoka na bisibisi yake. Safari hakuwa nayo. Alitaka tu kumwonyesha jirani yao Mosi kwamba stata ile ingali na nguvu. Mosi akauliza kama gari liko frii, halimo kwenye gia. Mikdad akaupigapiga mfuko wa shati.

"Ufunguo huu hapa. Litakwenda wapi?"

Sada alikuwa ndiyo kwanza ainuke kumkimbiza jogoo. Cheche zikalia. Gari likaruka mara mbili kama mbuzi aliyeumwa na siafu, likapanda jamvi, tairi likasimama juu ya makopa, pale pale alipokuwa amekaa mtoto.

Shufaa alimkagua mwanawe kidole kwa kidole. Majirani wakajaa uani: alhamdulillahi, mshukuru Mungu, mambo yaishe. Mikdad akaidandia hoja hiyo hiyo, kwamba mtoto si huyo mzima, kelele za nini.

"Mungu nimeshamshukuru," Shufaa alisema. "Yeye alimleta jogoo. Sasa nazungumza na wewe, Baba Sada. Wewe ulitumwa na nani?"

Shufaa akachukua simu, akampigia mwenyewe mzee Yusuf, fundi umeme wa Msata.

Mzee alifika kwa bodaboda. Akapewa shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajagusa kitu akalitoa gari kwenye gia, akatega mawe mbele na nyuma. Halafu akatoa kibalbu chake cha kupimia umeme. Kwenye waya mnene utokao kwenye betri, kikawaka. Akamwambia Mikdad azungushe ufunguo, akakigusisha kwenye waya mwembamba uletao amri ya ufunguo kwenye stata. Giza. Akauvuta kidogo, ukamtokea mkononi kama jino bovu, kichwa chake chote kutu ya kijani. Akaukata, akaufunga kichwa kipya. Ufunguo ukazungushwa, injini ikaitika mara moja. Chai aliyoinjika Shufaa ilikuwa bado haijachemka.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Shufaa upya. Ingekuwa injini imekufa, labda angesamehe. Kumbe ni kiwaya chembamba kama kamba ya kufungia kuku, na kwa kiwaya hicho angekuwa saa hizi anatafuta sanda ya mtoto.

Mzee Yusuf, akikunja nyaya zake, hakumsitiri Mikdad. "Bisibisi haiulizi ufunguo, kijana wangu. Inachukua moto wa betri moja kwa moja. Gia ikiwa ndani, stata peke yake inasukuma gari. Ufunguo uwe mfukoni, uwe baharini, ni mamoja."

Kesho yake Mikdad, kwa mazoea, alifungua boneti kabla hata ya kuingia garini, akapapasa alipozoea kuiweka.

"Mama Sada, bisibisi yangu umeiona?"

Shufaa alikuwa akichagua mchanga katika makopa yaliyosalia. Hakuinua uso.

"Iko chooni. Ukiitaka, zama. Na ukishatoka huko, nawa, uende Msata ukatengenezewe na hendibreki."