Siku Tulipoangusha Milingoti

Mwaka uliotangulia, mwanangu Wendell alisogeza mguu mmoja kabla ya wakati, na mji mzima wa Osterby ukampa jina jipya: Mapema.

Ilikuwa dakika ya mwisho ya mechi, kule kwa majirani zetu wa Coldwater, ng'ambo ya mto. Mpira wetu una ncha mbili na hubebwa mikononi, na anayeufikisha nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani huipatia timu yake pointi sita. Isiah Pettway, mkimbiaji wetu, aliufikisha. Tulikuwa tumeanza kukumbatiana na watu tusiowajua majina. Kumbe filimbi ilikuwa imelia zamani, ila kwa kelele zile hakuna aliyeisikia. Kitambaa cha njano, ambacho mwamuzi hutupa akiona kosa, kilikuwa kimelala kwenye nyasi, karibu na miguu ya mwanangu.

Dell, ndivyo tunavyomwita nyumbani, ni mtu wa mstari wa mbele. Hagusi mpira. Kazi yake ni kuinama, kutulia kama jiwe mpaka mpira uondoke, kisha kuwasukuma wapinzani ili wenzake wapite. Siku ile hakutulia. Pointi zikafutwa, tukarudishwa nyuma, tukashindwa. Na Osterby ilikuwa haijawahi kuishinda Coldwater tangu Dell alipokuwa ananyonya.

Watu wetu si wabaya, lakini wana ulimi. Alipoingia kwenye ghala la nafaka, wazee wanaokunywa kahawa pale walimpokea: "Karibu, Mapema! Kahawa haijachemka, ungesubiri kidogo." Kinyozi alimwambia, "Usitikisike, Mapema, nitakukata sikio." Alicheka nao majuma machache. Kisha akaacha kwenda ghalani, na nywele zikamfika mabegani.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, tukiwa mezani, alisema, "Mama, sirudi chuoni."

"Unakwenda wapi?"

"Nitabaki hapa. Baba anahitaji mtu wa kumsaidia kuvuna."

Mume wangu Verlyn hakuinua macho kwenye sahani. "Mimi nahitaji trekta. Mtu ninaye, mke wangu."

"Mke wako anasoma," nikamwambia.

Ni kweli nilikuwa nasoma. Naendesha basi la shule asubuhi na alasiri, na mwaka ule nilikuwa nimejiandikisha masomo ya jioni, chuo kile kile cha Dell. Nilikuwa nimepita umri wa miaka hamsini. Nilimwomba Mungu kwa muda mrefu anipe ujasiri wa kuingia darasani, na aliponipa sikutaka kukaa humo peke yangu.

"Dell," nikasema, "ukiondoka watanicheka. Watasema mtoto kakimbia, mama ndiye kabaki kwenye dawati."

"Watanicheka mimi, Mama. Mwaka mzima tena. Wewe hujui inavyokuwa."

"Basi wacheke. Lakini usiondoke ukiwa na jina walilokupa wao. Maliza mwaka wako wa mwisho, kisha uondoke na jina lako."

Asubuhi yake nilimkuta anafunga begi la mazoezi. Niliingia kwenye basi, nikamshukuru Mungu huko.

Msimu ukaanza vizuri. Tulishinda mbili za kwanza. Kocha Bruggeman, ambaye alikulia kwenye shamba la ng'ombe, alikuwa na mbinu mpya aliyoiita Lango. Watu wa mbele wanajifanya wameshindwa, wanawaacha wapinzani wapite mbio kama ng'ombe walioona lango wazi. Wakishaingia wote, Teague, mrushaji wetu, anautupa mpira juu ya vichwa vyao hadi kwa Pettway aliyesimama pembeni, na wale wa mbele wanamtangulia kumfungulia njia. Yote yalimtegemea Dell. Akiwaachia wapinzani upesi, mrushaji anakanyagwa kabla hajatupa. Akichelewa, Pettway hana wa kumtangulia.

Katika mechi ya tatu vijana wetu waliitumia mbinu hiyo, na Dell akaachia upesi. Teague aliangushwa kama gunia, mpira ukamponyoka, tukapoteza mechi. Tulipokuwa tunatoka uwanjani mtu mmoja alipiga kelele, "Mapema ni yule yule!" Dell alisikia. Mimi pia.

Jumatatu alipanda basi langu, kwa kuwa gari lake lilikuwa limegoma. Nilikwisha kuwashusha watoto wote. Alikaa kiti cha mbele, magoti yakigusa ubao.

"Kocha anasema nihesabu mpaka tatu," akasema. "Nahesabu, Mama. Lakini nikiogopa, hesabu inakimbia. Moja mbili tatu, nimeshaondoka."

Tulikuwa tumefika kwenye reli. Sheria yetu ni kwamba basi la shule lazima lisimame pale, hata kama halina mtoto, dereva afungue mlango na kusikiliza. Nikasimama, nikafungua. Upepo wa mashamba ukaingia. Nikasema kwa sauti ndogo, kama nifanyavyo kila siku, "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe." Nikafunga mlango, nikaondoa basi.

Dell alikuwa ananitazama. "Siku zote unasema hivyo hapa?"

"Siku zote. Zamani nilikuwa nahesabu. Nikichelewa, hesabu ilikuwa fupi. Sala haikubali kukimbizwa, mwanangu. Ukiikimbiza unaona aibu mwenyewe."

Alhamisi nilipopita karibu na uwanja nikienda darasani, niliona wameinama kwenye mstari, na midomo ya mwanangu inacheza.

Kuanzia hapo, ndugu zangu, Mungu alitupa vuli ambayo sijawahi kuiona. Mahindi yalikauka vizuri, mashine za kuvuna zilinguruma mchana kutwa, na kila Jumamosi vijana walishinda. Walishinda kwenye mvua huko Elsmore. Waliwashinda wale wa Saint Ansgar's Hill ambao walikuja na vijana wakubwa kama milango ya ghala. Lango lilifunguka na kufungwa, Pettway akapita nyuma ya mgongo wa Dell kama mtu anayepita nyuma ya gari la kuzoa theluji. Siku moja Pettway alikuja kwetu kula mchuzi wa maharage wenye nyama na pilipili, pamoja na mikate ya mdalasini, kama tunavyokula sisi wakati wa baridi.

"Mama Tjaden," akasema, akiniita kwa jina la ukoo wetu, mdomo umejaa, "huyu mwanao anasali kule mbele. Mimi nasubiri akifika 'litukuzwe', ndipo najiandaa."

"Unamsikia?"

"Timu nzima inamsikia. Lindqvist, mpiga mikwaju wetu, hakuwahi kuingia kanisani, sasa anaijua mpaka 'ufalme wako uje'."

Verlyn alicheka hadi akaweka kijiko chini.

Hivyo ikafika Jumamosi ya mwisho. Coldwater walikuja kwetu, nao walikuwa wamepoteza mechi moja tu kama sisi. Atakayeshinda ndiye bingwa wa ligi. Mimi nilikaa jukwaa la wanafunzi, maana mwanafunzi ni mwanafunzi. Karibu nami alikuwa Kaylin, msichana wa darasa langu la Jumanne, uso ameupaka rangi ya kijani.

Mara Coldwater wakajaza jukwaa lao, na tukasikia sauti. Walikuwa wamekuja na saa za kengele, zile za mezani za kuamshia watu. Mamia ya saa. Kila Dell alipoinama kwenye mstari walizipiga zote pamoja, wakiimba, "Ma-pe-ma! Amka, Ma-pe-ma!"

"Wana roho mbaya," Kaylin akasema.

"Wana saa nyingi," nikajibu.

Dell hakusogea. Robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakusogea hata mara moja kabla ya wakati. Lakini Coldwater walikuwa wagumu, na dakika zilipokaribia kwisha walikuwa mbele, ishirini kwa kumi na nne. Kisha Teague akarusha mpira mrefu kwenye kona, kijana wetu mmoja akaudaka akianguka, ndani ya mstari. Pointi sita. Ishirini kwa ishirini, na saa ya uwanja ilikuwa imeisha.

Kulibaki mkwaju mmoja tu wa nyongeza, wa pointi moja, kupitisha mpira kati ya milingoti ya goli. Lindqvist hakuwa amekosa mkwaju huo mwaka mzima.

"Tumeshinda!" Kaylin akapiga kelele. "Twende, Mama Tjaden!"

"Bado, wewe! Bado mkwaju!"

"Lindqvist hakosi!"

"Bado!"

Nani anisikilize? Desturi yetu ni kwamba siku ya ushindi mkubwa watu huingia uwanjani, huangusha milingoti na kuibeba hadi mtoni. Ushindi kama ule ulikuwa umesubiriwa miaka mingi mno. Wanafunzi walimwagika uwanjani kama nafaka kutoka ghalani, wakauparamia mlingoti wa kaskazini. Watu wa mjini nao hawakukubali kupitwa, wakaukimbilia wa kusini. Na pale juu, mikono na miguu imeukumbatia ule mti wa katikati, nilimwona Verlyn. Verlyn, ambaye hakimbii hata mvua ikimkuta shambani! Wa kaskazini ukaanguka. Wa kusini ukafuata. Wazee wa kahawa wa ghalani walipiga vigelegele kama watoto.

Ndipo filimbi zikaanza kulia, na hazikunyamaza.

Ilichukua muda mrefu kutuondoa uwanjani. Kisha mwamuzi mkuu, mtu mwembamba mwenye sauti kavu, akatangaza kwenye kipaza sauti. Kwa sababu ya mashabiki, Osterby inarudishwa nyuma yadi kumi na tano. Milingoti haipo, kwa hiyo mkwaju haupo. Mpira utabebwa au utarushwa, ukivuka mstari ni pointi mbili. Usipovuka, mchezo utapaswa kuongezewa muda, lakini kanuni za ligi zinasema mwenyeji asiye na uwanja kamili hawezi kuendelea. Ushindi utakuwa wa Coldwater.

Uwanja ukawa kimya kama kanisa kabla ya mazishi. Verlyn alikuja kusimama karibu nami, glavu zimejaa kutu.

"Verlyn. Wewe?"

"Walihitaji mtu mzito," akasema. Kisha akaangalia chini. "Marlys, kijana wetu alisogea mguu mmoja. Sisi tumesogea mji mzima. Leo sote ni Mapema."

Mzee mmoja wa ghalani alimsikia, akavua kofia.

Upande wa pili saa za kengele zilianza tena, zote. Dell alinisimulia baadaye yaliyosemwa kule chini. Kocha aliwakusanya akasema neno moja, "Lango." Teague akasema, "Ni mbali, Kocha." Kocha akamgeukia mwanangu. "Tjaden, utasubiri?"

"Nitasubiri."

Walipoinama, mtu wa Coldwater aliyekuwa mbele yake, jitu moja liitwalo Hagemeyer, alimwambia, "Mapema, kengele inalia. Hutaki kuondoka? Baba yako ameshaondoka na mlingoti."

Dell alisema alitamani kucheka. Hakucheka. Alikuwa anavuta pumzi ya kuanzia sala.

Mpira ukaondoka. Nilimwona akipokea kifua cha Hagemeyer, akayumba, akarudi hatua. Wapinzani wote walikuwa wanakuja. Teague alikuwa anarudi nyuma, nyuma zaidi, na kila mtu karibu nami alikuwa anapiga kelele, "Achia! Achia!" Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nasema naye, neno kwa neno, Baba yetu uliye mbinguni, na nilijua yuko wapi. Hakukimbiza hata silabi moja. Jina lako. Hagemeyer alikuwa tayari anamwinulia Teague mikono.

Litukuzwe.

Dell akamwachia. Mpira ukapita juu ya vidole vya jitu lile, ukamfikia Pettway, na mwanangu alikuwa mbele yake, amekwisha kugeuka, anakimbia. Mbele yao kulikuwa na watu watatu tu wa Coldwater. Mmoja alichukuliwa na kijana wetu wa katikati. Wa pili Dell alimbeba, nasema alimbeba, na kwa mgongo wa huyo akamwangusha wa tatu, wakalala wote chini pamoja. Pettway aliruka juu yao watatu. Alitua nyuma ya mstari akiwa amesimama.

Ishirini na mbili kwa ishirini.

Hakuna aliyekimbia. Hilo nitalikumbuka mpaka nife. Mji mzima wa Osterby ulisimama mahali pake, mikono vichwani, watu elfu kadhaa wanamtazama mwamuzi. Hakukuwa na kitambaa chini. Mwamuzi akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua mikono yake miwili juu. Hata hapo tulisubiri. Ni mzee wa kahawa aliyeuliza kwa sauti, "Sasa tunaruhusiwa?" na ndipo tukaingia.

Sikumfikia mwanangu. Walikuwa wamembeba. Mtu wa mstari wa mbele, ambaye hagusi mpira, walimbeba mabegani hadi mtoni nyuma ya vipande vya milingoti, nao wazee wale wa ghalani ndio waliokuwa chini yake wakihema. "Dell!" walikuwa wanaita. "Dell Tjaden!" Kaylin alikuwa ananivuta mkono, analia, rangi ya kijani imemshukia shingoni. Nilipiga magoti pale kwenye nyasi kwanza. Mambo mengine yangeweza kungoja.

Hagemeyer alimfuata Dell hadi mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa na saa moja ya kengele mkononi, ameichukua kwa mama yake jukwaani. "Shika," akamwambia. "Sisi haitusaidii tena."

Jumapili asubuhi nilikuwa nimevaa tayari kwa ibada, na Dell hajashuka. Nikamwita kutoka chini ya ngazi. Nikaita tena.

"Mwache," Verlyn akasema. "Tangu Agosti hajalala vizuri."

"Tutachelewa, Verlyn."

"Basi tuchelewe. Mungu alimwona jana."

Akamimina kahawa. Tukainamisha vichwa, na nilikuwa nimefika kwenye "mkate wetu wa kila siku" saa ya Coldwater ilipolia huko juu, kali kama filimbi, ikaendelea kulia. Tulisikia mkono ukiipapasa mezani, kisha kitu kikianguka, kisha mwanangu akicheka peke yake chumbani. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu mwaka uliotangulia.

Nilianza sala upya, tangu mwanzo, taratibu, mpaka alipotokea kwenye ngazi akivaa koti.