Sala Iliyoishia Gilgil

Mwanamke anayeenda kwenye sala ya jumuiya na kisu cha jikoni ndani ya mkoba, kati ya Biblia na rozari, anapaswa kuwa na sababu nzuri. Truphosa alikuwa nayo. Ua la marehemu mumewe, Sitati, lilikuwa linakufa.

Lilikuwa drasena, lile ua la ndani lenye majani marefu kama ya mahindi na mstari wa manjano katikati. Sitati alilileta nyumbani kwao mtaa wa Free Area mwaka alioacha kazi ya reli, akalitunza kuliko alivyotunza magoti yake mwenyewe, na shemeji mmoja kutoka Bungoma aliwahi kuuliza litavunwa lini. Sasa Sitati alikuwa kaburini na ua lake lilikuwa linamfuata. Mizizi ilikuwa imeoza kwa maji, na shina, ukilibonyeza, lilibonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Hakukuwa na kipande kigumu kilichobaki cha kukata na kupanda upya.

Lakini mtoto wa ua hilo alikuwa hai, tena mnono, nyumba chache tu kutoka hapo, kwa Immaculate. Na hapo ndipo penye shida.

Immaculate alikuwa amelipata kwa kuiba. Siku moja, Sitati akiwa bado hai, alikuja kunywa chai. Truphosa alipokwenda jikoni kuleta sukari, mgeni akakata kichwa cha drasena na kuondoka nacho ndani ya mwavuli. Wanawake wa mtaa ule wanaamini hivyo: ua la kuomba halishiki, la kuiba ndilo humea. Sitati alicheka mpaka akakohoa. Truphosa hakucheka. Alisimama mbele ya jumuiya nzima akatangaza kwamba siku za mwizi ni arobaini, akamtaja mwizi kwa jina, na tangu hapo hawa wawili, waliokuwa chanda na pete, walisalimiana kwa kuinua kidevu tu.

Sasa aende akamwombe? Afadhali meno yamng'oke. Aliamua kuiba.

Zamu ya sala ilipofika kwa Immaculate, Truphosa alitangulia wenzake, akainua kidevu, akachagua kiti cha kona, ubavuni mwa ua. Mpango wake ulimtegemea katekista, mzee Wanyonyi, ambaye sala zake husafiri sana. Huanzia kwa wagonjwa wa mtaa, hupanda hadi mashamba ya Bahati kuyaombea mahindi mvua, huteremka Gilgil kuwaombea wanajeshi kambini, hufika hadi Roma kwa Baba Mtakatifu, kisha hurudi nyumbani bila haraka. Truphosa angekata wakiwa Gilgil, afiche wakiwa Roma, na Amina imkute na rozari mkononi.

Wote wakafumba macho. Wanyonyi akamalizana na wagonjwa, akapanda Bahati. Truphosa akachomoa kisu. Shina lilikuwa gumu kuliko alivyodhani, akawa analikereza taratibu, akikohoa kila kisu kilipokwaruza.

"Na vijana wetu wa kambi ya Gilgil uwalinde, Bwana," alisema Wanyonyi. "Koo langu leo ni mbaya, kwa hivyo tutaachia hapo. Kwa jina la Baba..."

"Ngoja kidogo, mzee!" Immaculate alidakia. "Tuendelee kufumba macho. Mimi kama mwenye nyumba niko na ombi."

Truphosa aliganda. Kichwa cha ua kilikuwa kinaning'inia kwa ganda tu.

"Baba," Immaculate aliomba kwa upole uliomtia Truphosa baridi, "nakuomba kwa ajili ya yeyote kati yetu ambaye ako na kisu mkononi saa hii."

"Twakuomba utusikie," jumuiya iliitikia, maana jumuiya huitikia chochote.

"Mkumbushe asivute. Akate vizuri amalize. Na asikitie mchangani leo leo, aache kidonda kikauke kwanza."

"Twakuomba utusikie."

"Atoe majani ya chini. Akiweke kwa mwangaza, si kwa jua kali. Na mambo ya maji, Baba, mpe roho ngumu, asimwage kila siku kama mtu anazima moto."

"Twakuomba utusikie," walisema, ingawa sauti ya Wanyonyi ilikuwa imeanza kuingiwa na shaka.

"Na asiwe na wasiwasi juu ya shina linabaki. Hilo litachipuka lenyewe. Amina."

Truphosa akamalizia kukata. Angefanya nini?

Wageni walipoondoka, alibaki kitini, kichwa cha ua mapajani, masikio yakimwaka moto. Immaculate alikuja na birika akaketi karibu naye. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakimruka.

"Hukuwa umefumba macho," Truphosa alimshutumu.

"Mama Max, hujakanyaga hapa tangu ile siku. Leo umefika wa kwanza, ukakimbilia kiti kiko na springi mbovu. Ningefumba macho aje?"

"Hili ni ua la Sitati."

"Najua. Na kama ningekuomba siku ile, ungenipa?"

Truphosa alifikiria kudanganya, akaona haya, maana sala ilikuwa haijapoa. "Singekupa. Hata jani."

"Basi leo ungekuwa na nini?"

Truphosa alitafuta ile hasira yake ya miaka yote na hakuiona popote. Alichokikuta ni hamu ya kuketi na mwanamke huyu.

"Hilo la kwako lilioza aje?" Immaculate aliuliza, akimimina chai. "Drasena haiombangi maji mingi. Ulikuwa unalimwagilia mara ngapi?"

Truphosa alitazama kikombe. "Kila nikimkumbuka Sitati."

Immaculate aliacha kucheka. Aliweka birika chini, akakichukua kile kichwa cha ua, akaanza kukifuta vumbi, jani kwa jani.

"Kuanzia leo," alisema, "ukimkumbuka, wachana na jagi. Kuja hapa."