Moto Uliokesha kwa Dominika

Jumamosi, tarehe 5 Julai 2025. Asubuhi hii umande uliganda mweupe juu ya mabua ya mahindi, na upepo wa kusini ulikuwa unakata masikio.

Niliamka kabla ya jua, nikafanya ishara ya msalaba, nikagusa jiko. Lilikuwa baridi kama mtungi. Mama mkwe wangu, Mama Hellena, alikuwa ameketi kitandani amejifunika mablanketi mawili, anakohoa, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe kanga yangu, mwanangu. Narudi kwa Dominika."

Dominika ni mke wa Adriano, mdogo wa mume wangu Zenon. Nyumba zetu hapa Mollo zinatazamana. Majiko yetu ya kuni yalitengenezwa siku moja na fundi mmoja wa Chanji, kwa mapipa yanayofanana, kila moja na bomba lake la moshi juu ya bati. Lakini jiko la Dominika hukesha na moto, na langu hufa kabla ya jogoo la kwanza. Ndiyo maana mwezi Juni mama alihamia kwake, ingawa Zenon wangu ndiye mtoto wa kwanza, na mimi ndiye niliyemuuguza mama miaka sita. Kila alfajiri nilitazama moshi mwembamba ukitoka kwenye bomba lile, moyo ukiniuma. Nilisali rozari, na katikati ya rozari, Mungu anisamehe, niliomba bomba lile lizibe.

Jana mama alikubali kulala kwangu usiku mmoja, ajaribu. Nilimeza kiburi, nikamwandikia Dominika ujumbe wa simu kumwuliza anafanyaje. Akajibu. Niliusoma haraka, maana hata jina lake kwenye simu lilinikera. Nikaelewa kwamba saa tatu usiku nifukize moto, nifunge mlango wa hewa, nilale. Basi nikazoa majivu yote mpaka jiko likang'aa ndani, nikajaza majani mabichi ya mkaratusi juu ya makaa, kama tunavyofukiza mtu mwenye mafua. Moshi ulijaa chumbani mpaka tukafungua madirisha yote, na baridi yote ya Ufipa ikaingia.

Sikuwa na shaka. Amenidanganya ili mama asirudi kwangu.

Jioni jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa mwenyekiti, Mzee Polikarp. Baada ya sala ya mwisho nilisimama, nikamgeukia Dominika.

"Mama Gabriel, uliniambia nifukize moto ili mama afe kwa moshi?"

Dominika alishika kifua. "Mimi?"

"Wewe! Ushahidi huu hapa."

Polikarp alichukua simu yangu, akavaa miwani, akaisogeza mbali na pua, akasoma kwa sauti ileile anayosomea masomo kanisani: "Ikifika saa tatu, fukia moto, funga mlango wa hewa, ulale." Akanitazama. "Fukia, Mama Angela. Hapa hakuna zedi."

Watu wakaangua kicheko.

"Moto nikuambie uufukize, una mbu?" Dominika akasema. "Gogo nene juu ya makaa, halafu majivu juu yake. Kama unavyofukia kiazi."

"Majivu atayatoa wapi?" mama akadakia, ameketi kando ya Dominika. "Huyu huzoa majivu kila jioni kama kesho anakuja askofu!"

Niliketi, uso unawaka. Lakini sasa nilikuwa najua. Ningeweza kumrudisha mama jioni ileile, na Zenon angeniunga mkono. Nilikuwa tayari kufungua mdomo, mama akaanza kukohoa. Dominika, bila hata kumtazama, alivua mtandio wake akamfunika mabega, na mama akaegemea pale kama mtu aliyezoea. Wivu ukanichoma upya, kuliko asubuhi. Nikamwomba Mungu anishike ulimi, na nilipoona ameushika, nikasimama tena.

"Mama, mbele ya jumuiya hii naahidi. Utalala kwa Dominika mpaka baridi iishe. Sitakuita, wala sitanuna. Na kila Jumamosi nitapeleka mwenyewe mzigo wa kuni kavu mlangoni kwake."