Tope la Bure

Bwana Afya aliwaambia vibarua wake wawili waanze kung'oa kutokea upande wa barabarani, watu waone. Mchicha ulikuwa umefika magotini. Ulitoka ardhini bila ubishi, maana udongo wa pale ulikuwa mweusi na laini kama unga uliokandwa. Mama Majani, kama wateja walivyozoea kumwita, alisimama kando ya tuta la kwanza na jembe lake, hajui alishike au aliweke chini.

"Mwanangu, hebu nisomee tena."

Bwana Afya, kijana wa umri wa mwanawe, alikunjua barua. "Risasi, mara tisa ya kiwango. Kadimi, mara kumi na moja. Ni madini mazito, mama. Yamo kwenye udongo, mmea unayanyonya, yanapanda mpaka kwenye jani. Huyaoni, hayana ladha, hayatoki kwa kuosha. Wala kwa kuchemsha."

"Yametoka wapi?"

"Kwenye tope."

Tope hilo lililetwa na gari la halmashauri kutoka mabwawa ya maji taka, kila baada ya mavuno, mwaka wa sita sasa. Siku ya kwanza alikuja ofisa mzima wa kilimo, akawapiga picha wanawake wa bondeni wameshika makoleo, akawaambia hiyo ni mbolea ya bure, wamshukuru Mungu. Kiwanda cha betri kilimwaga maji yake kwenye mtaro uleule ulioingia mabwawani. Kila mtu aliliona bomba. Hakuna aliyeambiwa kwamba ni la kuogopa.

"Si ninyi mlioleta?"

"Ile ni idara ya maji taka. Mimi ni afya."

"Na kiwanda?"

"Hao ni wa mazingira." Akamnyooshea kalamu. "Weka sahihi hapa, kwamba umeonywa. Kuanzia leo ukikutwa unauza, ni kesi."

"Na sisi tuliokula miaka yote hii? Nani atatupima?"

Bwana Afya aliigeuza fomu, akatazama upande wa pili wa karatasi. Haukuwa na maandishi. "Hapa wameandika kuuza tu. Kula ni hiari yako, mama."

Kibarua mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akainama kung'oa.

Kufika saa sita walikuwa wamemaliza matuta saba kati ya kumi na mawili. Dereva akasema mafuta aliyopewa ni ya nusu siku. Wakaondoka, wakaahidi kurudi. Hawakusema lini.

Mkwe wa Mama Majani alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa anatoka kliniki, mimba ya miezi sita, miguu imevimba, pumzi juu juu.

"Damu imepungua, mama," alisema. "Nesi kanigombeza kama mtoto. Kasema nile mboga za majani kila siku. Nikamwambia, dada, mimi mkwe wa Mama Majani, mboga nitazikosaje!" Akacheka. Kisha akayaona matuta.

Mama Majani alimweleza yote, hakuficha neno.

Binti hakulia. "Sasa nile nini?"

Mboga za sokoni zilitoka bonde hilihili, kwa wakulima wenzake Mama Majani ambao Bwana Afya hajawafikia. Nyama hawakuionja tangu mwanawe aachishwe kazi.

Jua likaanza kupoa. Ndipo binti akavua viatu, akashuka taratibu hadi tuta la nane, tumbo likimtangulia, akapiga magoti. Majani makubwa aliyapita. Alichuma yale ya kileleni kabisa, madogo kama kucha, moja moja, akiyakusanya kwenye pindo la gauni.

"Haya bado machanga, mama," alisema bila kuinua uso. "Labda hayajapata muda wa kunyonya sana."

Mama Majani aliinuka kwenye ndoo. Akashuka, akapiga magoti upande wa pili wa tuta, akaanza kumsaidia kuchagua.