Mgeni Aliyekuja na Sasisho

Ijumaa hiyo Dorthe Kjeldgaard alikuwa na keki kwenye gari. Aliioka kwa ajili ya sherehe ya jirani, keki laini yenye nazi na sukari ya kahawia iliyochomwa juu, lakini jirani akapatwa na mafua na sherehe ikaahirishwa. Keki nzima ikawa imekaa kwenye buti, na ofisini hakuna aliyekuwa na zamu ya kuleta keki. Watu wa mji wetu, Stenløkke, wakisimulia kisa hiki huiruka sehemu ya keki, wanaona aibu. Mimi siiruki, maana bila keki pasingekuwa na la kusimulia.

Ofisi yenyewe ni ile ya manispaa inayopanga nani aende nyumbani kwa mzee gani, amvalishe soksi au ampe dawa, na amalize kwa dakika ngapi. Dorthe ndiye mpangaji. Mara kwa mara idara ya kompyuta huwatumia wafanyakazi barua pepe ya mtego, ya uongo, ili kuona nani ataibofya. Anayenaswa huwaletea wenzake keki. Ni adhabu ya mchezo tu, na kwa muda mrefu pale ofisini barua hizo zilikuwa zikisubiriwa zaidi kwa hamu ya keki kuliko kwa tahadhari.

Barua ilifika wakati wa kahawa ya asubuhi. Ilisema programu ya kupanga zamu imepitwa na wakati, na isiposasishwa kabla ya adhuhuri ratiba zote zitafutika. Dorthe aliisoma kwa sauti huku akiichambua, wenzake wakicheka.

"Mpendwa mtumiaji," alisoma. "Miaka yote hii niko hapa, hata jina langu hawalijui? Hebu oneni anwani ya mtumaji, mkia mrefu hivi, Jesper wetu wa kompyuta hata akilewa hawezi kubuni kitu kama hiki. Na bata maji wa nembo yetu anatazama upande mwingine. Halafu haraka ya nini, kwani moto unawaka? Na jamani, tangu lini sasisho likaandika barua? La kweli linakuja lenyewe. Unaingia asubuhi unakuta kitufe kimehamishwa, unalaani kidogo, unaendelea na kazi."

Alizitaja dalili zote, hakubakisha hata moja. Kisha akaikumbuka keki, akasema basi leo acha aanguke yeye, na akabofya kiambatisho kilichokuja na barua.

Kwenye skrini hakikutokea kitu. Wakakata keki. Jesper wa kompyuta, bwana mpole mwenye ndevu nyekundu, alipanda kutoka ghorofa ya chini akala vipande viwili ndipo akauliza keki inasherehekea nini. Walipomweleza, akasema mwezi huo hakuwa ametuma mtego wowote. Halafu mtu akauliza kama kahawa imebaki.

Jumatatu wakamkuta mwanamume kwenye chumba cha makoti, anavaa koti la buluu la manispaa. Nje mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na yeye alikuwa mkavu. Uso wake ulikuwa wa kawaida mno, ukigeuka tu umeshausahau. Alichomoa kwenye chaji simu mojawapo ya kazi, zile zinazofungua kufuli za milango ya wazee, akawasalimu wote kwa pamoja, "Habari za asubuhi, wapendwa watumiaji," akatoka. Wafanyakazi wa muda huja na kuondoka pale ofisini, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Jesper peke yake alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye maegesho.

"Ndiye huyo," Jesper alisema. "Ndiye aliyekuwa ndani ya kiambatisho. Si mmemwona bata maji kifuani pake, anatazama upande mwingine?"

Akashuka kuandika taarifa.

Wakaanza kumwita Mgeni, na Mgeni akaanza kuzunguka kwa wazee. Hakuwavalisha soksi wala hakugusa dawa. Alikuwa akifika kwenye giza la saa kumi jioni, wakati ambao Novemba yetu humkuta mzee kashawasha taa na hana tena cha kungoja. Mlango ulifunguka wenyewe. Akiingia alisema ni lazima jambo lifanyike leo leo, kesho itakuwa tumechelewa. Kisha alivua koti, akalitundika, akaketi, na kumuuliza mzee maisha yake.

Simu za malalamiko zikakoma. Vibeke, mkuu wa ofisi, mwanamke mchapakazi ambaye kwa miaka alikuwa akitukanwa na watoto wa wazee kwa sababu ya zile dakika, alipokea simu za shukrani mpaka akadhani anataniwa. Wazee walisema yule bwana mpya anakaa. Hatazami saa. Anamega mkate mweusi mezani pamoja nao, ingawa baadaye mkate unakutwa mzima.

Kilichofuata kilikuja polepole. Ragnhild, mjane wa mchinjaji, alimwambia mhudumu wa asubuhi kwamba amekwenda kuichukua kichwani siku ya harusi yake akaikuta imefungwa. Si kwamba alikuwa amesahau. Alisema ipo palepale, anaigusa, ila inadai neno la siri na yeye hakuwahi kuweka neno lolote. Wiki hiyohiyo mzee mwingine alikuta amefungiwa kaka zake wote. Ikaonekana kila alichosimuliwa Mgeni hadi mwisho, mwenyewe hakuweza tena kukiingia. Daktari aliandika kuwa ni umri. Mwanasheria wa manispaa, ambaye aliwahi kusoma juu ya wezi wa kompyuta wanaofunga mafaili ya watu, alikaa akisubiri barua ya kudai malipo ya ufunguo. Haikuja. Mgeni hakutaka kitu, alitaka tu kuendelea kusikiliza.

Sasa, Dorthe alikuwa na baba. Egon Kjeldgaard alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari mpaka kilipofungwa, na anakaa peke yake ghorofa ya tatu, karibu na kituo cha treni. Dorthe alimpenda sana, na alimtembelea kila Jumapili kwa kupitia tu, mfuko wa machungwa mkononi, injini ya gari bado ina joto. Jumapili hiyo aliona vikombe viwili kwenye sinki.

"Baba, yule mtu si wa manispaa," alisema.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Alivua koti akakaa. Wa manispaa havui koti." Egon alimtazama kwa upole. "Hata wewe huvui."

Dorthe alikuwa amesimama katikati ya sebule, koti limefungwa hadi kidevuni. Aliona haya, na kwa sababu ya haya akawa mkali. Alimuuliza inakuwaje mtu mwenye akili zake anamfungulia mwizi.

"Simfungulii mimi. Kufuli mmeweka nyinyi, zinafunguka zenyewe. Ila kahawa namchemshia, hilo sikatai." Egon aliketi. "Anauliza, Dorthe. Anauliza, halafu ananyamaza mpaka nimalize. Unajua ni lini mara ya mwisho mtu alinyamaza humu ndani mpaka nimalize?"

Dorthe aliuweka mfuko wa machungwa mezani.

"Usinione mjinga. Nampimia. Jeshini nimempa kote, nilikuwa sina haja nako. Kiwanda kimebaki kidogo. Mama yako nimempa ile ya hospitali tu, na nashukuru imefungwa, nalala vizuri. Wewe sijakutaja. Akiniuliza kama nina mtoto, namwambia mtoto gani."

"Na vingine vikiisha?"

"Vikiisha ndiyo tutajua. Nikuwekee kahawa?"

Alikuwa na ratiba ya wiki nzima haijapangwa, wahudumu wawili wagonjwa. Akasema wakati mwingine. Kwenye ngazi alilia, na alipofika kwenye gari alikuwa ameshafuta macho.

Jumatatu aliingia kwa Vibeke akasema mfumo uzimwe. Akasema ni yeye aliyebofya, tena kwa kujua, na adhabu yoyote yuko tayari. Vibeke alimjibu bila ubaya kwamba hilo kila mtu analijua, si waliila keki wote. Jesper aliitwa akaeleza kwamba dawa ipo: mitambo yote izimwe, isafishwe, na kwa muda huo milango ya wazee haitafunguka kwa simu wala ratiba haitaonekana, kwa hiyo watu wengi waajiriwe wazunguke na funguo za chuma.

"Watu gani?" Vibeke aliuliza. "Na waliopo baraza limeshawapunguza. Dorthe, yule bwana anakaa na wazee jioni nzima. Saa zake nimeshazihesabu kwenye mpango wa mwaka ujao. Nikimtoa, pengo naliziba kwa kitu gani?"

Akamfungulia mpango aone. Pale palipokuwa na dakika tisa za Ragnhild jioni, palikuwa na sifuri, na pembeni jina: Mgeni. Kwa Egon vilevile. Dorthe alikasirika, lakini mpango ule ulikuwa umejengwa juu ya ratiba alizozipanga mwenyewe, alizozipunguza mwenyewe, dakika moja hapa, mbili pale, na hakujua amkasirikie nani.

Taarifa ya Jesper hata hivyo haikutupwa. Ofisi ilitakiwa ifundishwe kutambua barua za uongo, na kwa kuwa Dorthe alizijua dalili zote, akapewa yeye kufundisha. Alisimama mbele ya wenzake akawaambia watazame anwani, watazame nembo, waogope haraka wasiyoijua ilikotoka, wasifungue kiambatisho, na sasisho wakalitafute ndani ya mashine yenyewe, wasilipokee kwenye barua. Waliandika yote. Mgeni naye alihudhuria, alikaa nyuma, alikuwa msikivu kuliko wote.

Baada ya hapo Dorthe aliomba ruhusa ya mchana wa Jumanne. Alikuwa ameamua. Kama Mgeni anamwiba baba yake kwa kukaa, basi yeye atakaa zaidi yake, siku hiyo na kila siku atakayoweza kuipata. Alifika mapema, mwanga bado upo. Alivua koti, akalitundika, akapika kahawa na kuketi kwenye kiti kilichoelekea dirishani. Simu aliizima kabisa. Moyo wake ulikuwa mwepesi, alijiona amefanya jambo jema na rahisi, akajiuliza kwa nini hakulifanya siku zote.

"Hebu nisimulie, baba," alisema. "Kiwandani, ule msimu wa viazi sukari wakati tangi la mvuke lilipopasuka."

Egon alifikiri. Akasema ipo hiyo, lakini imefungwa. Dorthe akamuuliza juu ya nyumba ya bibi kule ufukweni, ikawa imefungwa. Akamuuliza juu ya mama, siku walipokutana kwenye dansi. Egon alitikisa kichwa akajibu kwa adabu ya mtu anayemhudumia mgeni, akamsogezea bakuli la biskuti. Nje taa za kituo ziliwaka.

"Utanisamehe," alisema. "Vyote nimeshakupa. Kimebaki kimoja, nilikuwa nakificha, lakini ukikaa hivi na kunisikiliza naona vibaya kukunyima." Akakiweka kikombe chini. "Nina binti. Alizaliwa mwaka ule wa theluji nyingi, mkunga akaja kwa trekta."

Dorthe aliinama karibu naye.

"Baba. Ni mimi. Mimi ndiye Dorthe."

Mzee alitabasamu, bila kukasirika. "Lazima ungesema hivyo. Lakini binti yangu hakai, ana kazi nyingi sana. Basi, huyo mkunga, alipoingia jikoni..."

Kisa kikifika mwisho, naye Dorthe atafungwa kama vile vingine. Dorthe alisimama akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, akalivaa koti, akakosea vifungo na kuvifunga upya mpaka kidevuni, akatundika mkoba begani na kushika kitasa cha mlango.

"Nina haraka, baba," alisema. "Naondoka."

Egon aliinua kichwa, na uso wake wote ukachangamka.

"Dorthe! Umeingia saa ngapi? Mbona hata hujakaa?"

"Sikai. Nimepita tu kukuona."

"Kazi hizo zitakuua. Matairi ya theluji umeshabadilisha?"

Alisema ameshabadilisha. Baba akamuuliza breki, akamuuliza kama bado anakohoa asubuhi, akamwambia koti lile limechakaa viwikoni. Alizungumza vizuri, alimjua kila kitu chake. Mara moja Dorthe alilegeza mkono kwenye kitasa na kusogea hatua moja ndani, na mzee akanyamaza, akamtazama kwa mashaka, akamuuliza kwa upole yeye ametumwa na nani. Dorthe akarudi mlangoni akasema ana haraka, na baba yake akamtambua tena.

Wakaendelea hivyo. Jasho lilimtiririka ndani ya koti. Miguu ikaanza kuuma. Kisha akasikia hatua zikipanda ngazi taratibu, ghorofa ya kwanza, ya pili, zikasimama nyuma ya mlango. Kufuli ikafunguka yenyewe. Dorthe aliegemeza mgongo kwenye mlango. Kwa upande wa pili hakuna aliyesukuma, Mgeni alisimama tu akingoja, mkavu, jioni yote ikiwa yake.

"Unaondoka sasa?" Egon aliuliza.

"Naondoka sasa hivi, baba," Dorthe alisema, akakaza mgongo, na akamuuliza kama yale machungwa yalikuwa matamu.